Chupa Pacha: Glasi ya Pili

Mkono uliomkaba Sista wiki iliyopita haukuwa wa mzimu. Ulikuwa wa moto, una jasho, na ulinuka dizeli.

Ulichomoka kwenye giza la stoo iliyo chini ya ngazi, pale pale anapohifadhi mvinyo wake, ukamdaka koo kabla kidole chake hakijafika kwenye swichi.

"Ukipiga kelele," sauti ikamwambia sikioni, "navunja shingo yako kwanza, chupa zako baadaye."

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita liliishia kufungia sabuni, niwakumbushe upesi, maana Sista hana pumzi ya kutusubiri.

Sista ni nesi wa chumba cha upasuaji, mwaka wa ishirini na mbili kazini. Miezi minane iliyopita alianza kukusanya mvinyo nyumbani, kama wengine wanavyoanza kufuga sungura. Jumamosi alitoa chupa moja ikawa zawadi kwenye harusi ya daktari kijana ambaye Sista ndiye alimlea kazini. Meza kuu waliinua glasi watu wanne. Watatu wameshakufa, bibi harusi akiwemo. Daktari mwenyewe yuko wodi namba sita, macho wazi, anauliza kila saa kama kumekucha.

Watu walilaumu chakula. Asubuhi ya leo, Jumanne, maabara ikatoa majibu: ndani ya chupa ile mlikuwa na spiriti ya kiwandani. Na kila mwalikwa anakumbuka chupa ilitoka kwa nani.

Lakini Sista alikuwa amenunua mbili, moja ya kutoa, moja ya kutunza. Pacha alikuwa bado amelala stoo, lakiri yake haijaguswa. Chupa hiyo, ikiwa imefungwa vile vile, ndiyo pekee ingeweza kumwonyesha mpelelezi kwamba sumu iliingia huko ilikotengenezwa, kabla haijafika mikononi mwake. Ndiyo aliyokuja kuichukua, saa saba mchana.

Mkono ukamtangulia.

"Ya harusi!" sauti ikasema. "Ya pili iko wapi? Nimetoa kumi na mbili, zote zinafanana. Sema!"

Sista aliijua sauti hiyo.

"Kidevu?" alikoroma. "Wewe si ulikunywa chai jikoni kwangu?"

Mkono ulisita kidogo. Alikuwa Kidevu kweli, dereva wa duka la mvinyo, mtu aliyezileta chupa hizo mwenyewe, kreti kwa kreti, akizibeba kama mayai.

"Chai nilishashukuru, dada. Leo nimetumwa kazi nyingine."

"Niachie nikuonyeshe."

"Onyesha kwa kidole."

Sista alinyoosha kidole kwenye tundu la kichanja ambalo silo. Kidevu akageuza kichwa. Na Sista, ambaye kwa miaka ishirini na miwili ameshika koleo za wapasuaji na anajua ndani ya mwili wa mtu mna nini na kimewekwa wapi, alimpiga kiwiko chini ya mbavu, upande wa ini.

Kidevu akajikunja. Hakuachia.

Wakaangukia kichanja pamoja. Kile kichanja cha mbao, matundu thelathini, ambacho fundi seremala alikipima mara tatu kwa sababu Sista alitaka kila chupa ilale sawasawa, kiliyumba mbele, kikayumba nyuma, kikaja chini chote.

Mlio wake ulisikika kama dirisha la kanisa limeporomoka.

"Chupa!" Sista alipiga kelele. Kabanwa koo, mbavu zinauma, na bado alichowaza ni chupa moja, mstari wa chini, tundu la tatu. Ikivunjika hiyo, anakwenda jela na vifo vitatu mgongoni.

Kidevu alimshika nywele akampigiza uso ukutani. Mara ya kwanza aliona nyota. Mara ya pili jino likatoka, akalimeza. Taa ya stoo ilikuwa imepasuka, mwanga pekee ulitoka kwenye korido, mwembamba, na ndani yake mvinyo ulikuwa unatambaa sakafuni, mweusi, ukiwafikia viatuni.

"Iko wapi?"

"Unaikanyaga, mjinga wewe!"

Kidevu aliangalia chini. Unyayo wake ukateleza kwenye mvinyo, goti likaenda upande, naye akamwangukia Sista kifuani kwa uzito wake wote, mikono miwili shingoni, safari hii hataki tena kuuliza. Alitaka kumaliza.

Sista alipapasa ukutani juu ya kichwa chake. Palikuwa na msumari. Kwenye msumari paliningʼinia kizibuo, kile chuma kilichosokotwa cha kutolea vizibo, kina mpini wa mti. Alikivuta.

Alijua hasa pa kuchoma. Hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye, kwamba mkono wake haukutafuta hata kidogo. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kishimo kilicho juu ya mtulinga, ukasukuma mpaka mpini ukagusa ngozi.

Kidevu aliachia. Alikaa kitako katikati ya vigae vya chupa, mdomo wazi, kama mtu aliyeambiwa habari asiyoielewa. Damu ilianza kutoka pembeni mwa chuma, inaruka kidogo kidogo, kwa mapigo.

Mkono wake ukapanda kwenye mpini.

"Usikichomoe!" Sista alimrukia. "Sikiliza! Ukikichomoa unakufa hapa hapa. Ndicho kinachoziba."

"Umeniua, dada."

"Bado. Kaa kimya."

Dakika moja nyuma mtu huyu alikuwa anamnyonga. Sasa Sista alikuwa amepiga magoti mbele yake, kavua sweta, kalikunja, anakandamiza jeraha kwa viganja viwili na uzito wa mabega, anamhesabia mapigo kimoyomoyo. Ndugu msomaji, usiniulize kwa nini. Mikono ina mazoea yake.

"Nani amekutuma?"

"Unamjua."

"Mtaje."

"Kizibo." Kidevu alitema mate ya damu. "Mwenye duka mwenyewe. Ulimpigia simu asubuhi, ukamwambia majibu ya maabara. Ukamwambia na hiyo ya pili unakwenda kuifuata. Alipokata simu tu, akaniita."

Sista alikumbuka. Kweli alipiga. Alimpigia kama mwanafunzi anavyompigia mwalimu, ana kilio, anauliza: mzee, mvinyo unaweza kuharibika mpaka uue watu?

"Tunachanganya wenyewe," Kidevu aliendelea, midomo imeanza kuwa ya kijivu. "Nyuma ya duka. Chupa tunaokota kwenye mahoteli, lebo tunachapa. Ulikuwa unachanganywa na pombe safi zamani. Juzi mapipa ya pombe yakabadilika. Mimi nilinusa nikamwambia. Akasema wateja wake hawana pua."

"Utayasema haya polisi?"

"Nitasema yote. Usiondoe mkono tu, Sista. Nakuomba."

Simu ilikuwa imemwanguka kwenye kizingiti cha stoo. Sista alinyoosha mguu, akaifikia kwa kidole gumba, akaanza kuivuta polepole. Ikaja kidogo. Ikaja tena kidogo.

Kiatu cheusi, kimepigwa rangi mpaka kinangʼaa, kikaikanyaga. Kikasaga. Kioo kikalia.

"Pole na kazi, mwanafunzi wangu," Kizibo alisema.

Alisimama mlangoni na suti yake ya kijivu, safi, kama amekuja kuposa. Miezi minane Sista alimjua mzee huyo akiwa nyuma ya kaunta, akizungusha kizibo kimoja kati ya vidole vyake, ndipo jina lilipotoka. Yeye ndiye aliyemfundisha kila kitu. Ilaze chupa, kizibo kisikauke. Weka gizani, mbali na jiko. Usiitikise kama dawa ya kikohozi. Nunua mbili, kunywa moja, utajua ya pili itakavyokuwa ikizeeka. Sista aliyaandika yote kwenye daftari, kwa mwandiko wa wodini, akapiga na mistari.

Mkono wa kushoto wa Kizibo ulikuwa unazungusha kizibo. Wa kulia ulikuwa na bastola.

"Mkubwa," Kidevu alisema kwa sauti nyembamba. "Nipeleke hospitali, mkubwa. Sijasema kitu."

"Najua, mwanangu. Ulikuwa dereva mzuri."

Kizibo alichuchumaa, akapandisha suruali magotini isishike mvinyo. Akatoa leso, akaizungushia kwenye mpini wa kizibuo. Akamtazama Sista usoni.

"Toa mkono."

"Mzee, usifanye hivyo. Nakuomba. Ana uhai huyu!"

"Ndiyo tatizo lake."

Bastola ikagusa paji la uso wa Sista. Hakutoa mkono. Kizibo akashusha pumzi, akampiga na kitako cha bastola kwenye vidole, mara mbili, mpaka viwili vikavunjika kwa mlio mdogo, kama njiti. Mikono ikatoka.

Kisha akauzungusha mpini taratibu, akasukuma. Alifanya vile vile kama alivyofanya mara nyingi dukani, akiwafungulia wateja chupa ya kuonja.

Kidevu alipiga visigino sakafuni. Alipiga tena. Mara ya tatu hakupiga.

Sista alisikia kelele, kisha akagundua ni yake mwenyewe.

"Basi, basi," Kizibo alimbembeleza, akifuta vidole. "Umemuua, jamani. Chuma chako, stoo yako, alama zako kwenye mpini. Mimi sipo hapa."

Akaanza kuchokora kwenye kifusi cha chupa kwa ncha ya kiatu. Alikuwa hana haraka. Alisukuma mbao pembeni, akainama, akanyanyua kitu.

Ilikuwa nzima. Chupa zaidi ya ishirini zilikuwa vipande, na pacha hakuwa na hata mkwaruzo. Lakiri nyekundu ilikuwa pale pale.

Sista aliitazama kama mtu anavyotazama mtoto aliyeponea kwenye ajali.

"Nzuri," Kizibo alisema. "Umeilaza vizuri. Ulikuwa na bidii, sitakunyima haki yako."

Akavunja lakiri kwa ukucha. Akatoa kizibuo chake cha mfukoni. Plop. Ushahidi wa Sista ukafunguka, na kwa mlio huo mdogo kila kitu kilichokuwa kinamtenganisha na jela kikaisha.

"Ikifungwa ilikuwa inakutoa. Imefunguliwa, inakufunga wewe." Alicheka kidogo na maneno yake mwenyewe. "Lete glasi."

"Zimevunjika."

"Kuna kikombe jikoni. Nimekiona nikiingia. Simama, tembea mbele yangu."

Jikoni, jua la mchana lilikuwa limejaa mpaka kwenye masufuria. Kioo cha dirisha kilikuwa kimevunjwa. Hapo ndipo Kidevu alipoingilia. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja wake na kuimba. Ukuta mmoja tu katikati.

Kizibo alijaza kikombe mpaka ukingoni.

"Nesi atoa zawadi, wanakufa watu watatu," alisema, kama anasoma gazeti. "Akisikia maabara imegundua, anarudi nyumbani, dereva wa duka anakuja kumuuliza, anamchoma. Halafu anakunywa iliyobaki, kwa aibu. Mimi mwenyewe nitalia msibani. Nitasema alikuwa mteja wangu mpole kuliko wote."

"Sinywi."

"Mumeo aliondoka alfajiri na lori la saruji. Anarudi Ijumaa. Uliniambia wewe, kwenye simu, uliponiambia huna hata mtu wa kulia naye. Nyuma ya lori lake kuna pikipiki, na juu ya pikipiki kuna mtu wangu. Anasubiri simu yangu. Nisipopiga ndani ya dakika kumi, mumeo hafiki Ijumaa."

Uani kwa jirani, fagio liliendelea kuchakura.

Sista alifikiria yule mwanamume mnene anayeimba bafuni kwa sauti mbaya, anayesema mvinyo wote una ladha ya siki, ambaye hata hivyo alibeba mbao za kichanja begani kutoka kwa seremala kwa sababu mkewe alitaka. Akachukua kikombe kwa mkono usiovunjika.

Akanywa.

Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote.

Aliacha funda la mwisho chini ya ulimi.

"Sema jina la hospitali yako," Kizibo akasema.

Sista alinyamaza.

"Nimekufundisha kuonja mimi, Sista. Najua mtu anavyoshikilia mvinyo mdomoni. Sema."

Akameza. Akasema.

"Sasa glasi ya pili."

Alipomaliza, alisukumwa kurudi stoo, juu ya vigae, juu ya miguu ya Kidevu. Chupa tupu ikawekwa karibu naye, taratibu. Mlango ukafungwa. Komeo la nje likaingia mahali pake.

"Kesho asubuhi nitakuja kufungua," sauti ya Kizibo ilipenya kwenye ubao. "Maiti hazijifungii kwa nje. Lala."

Nyayo zikaenda. Gari likawaka, likaondoka.

Sista hakulala.

Alitia vidole kooni. Alitapika, akatia tena, akatapika mpaka ikawa inatoka nyongo ya kijani. Lakini alikuwa na njaa tangu jana, tumbo lilikuwa tupu, na alijua sehemu ya kile kitu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Akaanza kujisemesha kwa sauti ya zamu, ile anayowasemesha wanafunzi wa unesi.

"Haya, Sista. Spiriti yenyewe haijakuua. Mwili ndio utakaoigeuza sumu, na utaigeuza polepole. Una masaa. Kinachouchelewesha mwili ni nini?"

Alilijua jibu. Alikuwa ameliona wodini, usiku dawa ilipoisha na daktari wa zamu akatuma mtu baa. Pombe safi. Ini likipata pombe safi linaanza na hiyo, sumu inakaa foleni. Haiponyi. Inanunua muda tu, mpaka mtu afike hospitali.

Pombe safi. Alikaa ndani ya stoo ya mvinyo, na karibu zote zilizobaki zilitoka kwa Kizibo.

Isipokuwa moja.

Chupa ya kwanza kabisa aliyoimiliki maishani alipewa na daktari mpasuaji mkuu siku ya kustaafu kwake. "Hii usiinywe leo," mzee yule alimwambia. "Itunze miaka kumi, nawe utakuwa unastaafu." Kwa ajili ya chupa hiyo moja ndipo akatafuta mahali pa giza, ndipo akaenda duka la Kizibo kuuliza namna ya kuitunza. Mambo yote yalianzia hapo.

Kama haikuvunjika.

Alipiga magoti gizani akaanza kupapasa. Kigae kilimkata kiganja, kingine kikaingia gotini, hakusimama. Kila chupa nzima aliyoishika aliipitishia mkono shingoni. Za Kizibo zote zilikuwa na mabega yaliyosimama, kama askari. Aliisukuma kando. Nyingine, mabega. Nyingine, nusu tu, mdomo wa msumeno ukamchana mkono. Mkono wake ukagusa uso wa Kidevu, umeshaanza kupoa. Akauzunguka.

Chini ya ubao wa mwisho, vidole vyake vikateremka kwenye shingo ndefu, laini, isiyo na bega lolote, imeteremka kama mgongo wa bata.

Alilia, kwa mara ya kwanza tangu aingie stoo.

Kisha akapapasa kizibo. Kilikuwa kimeingia mpaka ndani, kimekaza. Alifikiria kuipiga chupa shingo ukutani. Lakini ilikuwa moja tu, ikipasuka vibaya imekwisha, na vigae vitamwingia tumboni.

Kizibuo kilikuwa mahali kilipokuwa.

"Kidevu," alisema gizani. "Kaka yangu. Nisamehe."

Aliweka goti juu ya kifua kile, akashika mpini kwa mkono mzima, akauzungusha kinyume. Ulikataa. Nyama ilikuwa imekibana chuma. Akazungusha tena, meno yameumana, akavuta kwa mgongo mzima, na kikatoka kwa sauti ambayo hatakuja kumsimulia mtu.

Akakifuta kwenye sketi yake. Mara nyingi. Akabana chupa kati ya magoti, akafungua.

Alinusa kwanza. Hakuwa tena na uhakika na pua yake. Akanywa hivyo hivyo.

Mzee mpasuaji alijua kuchagua. Ilikuwa nzuri mno, ina kitu cha moshi na matunda meusi, kitu kinachokuja nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Alitamani kusimama aionje. Akanywa kama mtu anavyokunywa dawa, funda baada ya funda, mpaka alipokisia imefika nusu. Hapo akasimama, akaziba mdomo wa chupa kwa kiganja chenye damu. Nyingine ataihitaji baada ya saa moja.

Akaanza kupiga mlango kwa kisigino. Aliita. Fagio la jirani halikusikika tena.

Sijui alipiga kwa muda gani. Yeye mwenyewe hajui. Alichosikia ni ngurumo ya injini nzito mtaani, gia inakwaruza, halafu kishindo kilichotikisa nyumba mpaka vumbi likamwagika kutoka kwenye ngazi.

Kitu kikubwa kilikuwa kimegonga geti.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Nyayo za mtu mzito zikaingia, polepole sana, zinasimama, zinaanza. Kiti kikaanguka jikoni.

"Mama Watoto?"

Sista aliudunda mlango. "Huku! Niko huku, stoo! Fungua komeo!"

"Wapi? Endelea kuongea."

"Chini ya ngazi! Haraka, baba!"

Mkono ulipapasa ubao, juu, chini, ukapita komeo, ukarudi. Komeo likatoka. Mlango ukafunguka na mwanga wa korido ukamwagika ndani, ukamuumiza macho.

Mumewe alisimama mlangoni na ovaroli lake lenye vumbi la saruji, paji la uso limepasuka, damu inamchuruzika hadi kwenye shavu. Sista alimrukia shingoni, chupa mkononi.

"Pikipiki!" alisema. "Iliyokuwa inakufuata, imekwenda wapi?"

"Pikipiki gani?"

"Hakuna mtu aliyekufuata?"

"Nani anifuate mimi na saruji yangu? Nilikuwa peke yangu barabarani."

Sista alifumba macho. Alikuwa amekunywa vikombe viwili vya sumu kwa ajili ya pikipiki isiyokuwepo.

"Kwa nini umerudi?"

"Kichwa. Tangu asubuhi kinagonga. Halafu barabara ikaanza kuwa na ukungu, ukungu mweupe, nikasema nigeuze kabla sijaua mtu. Geti sikuliona hata kidogo, mke wangu. Nitalitengeneza." Alinusa. "Mbona panachoma pua hivi? Umevunja chupa?"

Hakuuliza kuhusu uso wa mkewe uliovimba. Hakuuliza kuhusu vidole vyake. Maiti ilikuwa imelala hatua mbili kutoka kwenye buti lake, shingo wazi, naye hakuitazama.

"Na mbona umezima taa," alisema, "mchana huu unakaa gizani?"

Ilikuwa saa tisa kamili. Jua lilikuwa limeingia kupitia mlango wa mbele alioacha wazi, limempiga usoni moja kwa moja, kwenye macho yote mawili. Hakupepesa.

Sista alimshika mashavu. Mboni zake zilikuwa kubwa, nyeusi, zimetulia.

"Jana usiku ulikunywa nini?"

"Jana?"

"Jana! Mimi nikiwa hospitali! Ulikunywa nini?"

Yule mwanamume mkubwa alijikuna shingo kama mwanafunzi aliyekamatwa.

"Usikasirike. Nilichukua moja kwako, ile yenye lebo nyekundu. Nilisema na mimi leo nijue hiki kitu mke wangu anachokipenda kina nini. Nilitaka ninunue nyingine njiani leo, niirudishie mahali pake kabla hujajua, ila duka limefungwa…"

"Kunywa hii." Alimwekea chupa mdomoni. "Kunywa, usiongee. Meza. Meza tena. Simu yako iko wapi?"

"Mfukoni. Ina nini hii?"

"Kunywa!"

Alikunywa. Sista alitazama mvinyo ukishuka, kidole baada ya kidole, akahesabu: huyu tangu jana, mimi tangu saa nane, hospitali dakika ishirini kwa gari, na dereva pekee wa nyumba hii haoni mkono wake. Akaiondoa chupa kwa nguvu. Ilikuwa imebaki robo.

"Chupa nzima," alimuuliza, na sauti yake ilikuwa imetulia vibaya. "Wewe hupendi mvinyo. Uliimaliza chupa nzima peke yako?"

"Ah, peke yangu nitaweza wapi?" Mumewe alitabasamu kuelekea mahali alipodhani uso wake upo. "Nilimpigia mama yako aje tunywe wote. Alifurahi, maskini, akanywa kunishinda." Akatoa simu mfukoni, akaishika kichwa chini. "Nimempigia tangu asubuhi nimuulize kama na yeye anaumwa kichwa. Hapokei."